"Kwangu Inafanya Kazi" Si Jibu

Wasee, leo nina maneno na sentensi moja, na mnaijua vizuri. Mtu anakutumia skripti, unaiendesha, inakataa. Unamwambia. Naye bila hata kuangalia anajibu: "Lakini kwangu inafanya kazi." Basi, kesi imefungwa. Wewe ndiye mwenye shida, au mashine yako ni mbovu, au wewe ni mshamba tu wa Kianjokoma na kompyuta uliziona juzi.

Maoni yangu ni kwamba hiyo sentensi ni mlango wa swali, na watu wanaifanya kufuli. Kama inafanya kazi kwako na kwangu inakufa, basi kuna tofauti kati ya mashine zetu ambayo hakuna aliyeitafuta. Na mara nyingi tofauti yenyewe iko kwenye kitu kidogo mno hadi watu wanakiruka: kile kistari na herufi moja unayoandika baada ya jina la amri. `-i`. `-n`. `-d`. `-m`. Hizo ndizo opsheni, na leo nataka tuziongelee, kwa sababu nimeona kistari kimoja kikikaribia kumfanya mtu aitwe mwizi kijijini.

Kama hujawahi kufungua terminali, usiondoke. Jambo hili tayari unalijua kwa vidole. Ukiwa na kadi ya kredo ya kukwaruza, unabonyeza `*141*`, halafu namba za siri, halafu `#`. Kila alama ina kazi na mahali pake. Ukitanguliza namba halafu nyota, hupati kredo. Kuna programu upande wa pili inayosoma ulichoandika kipande kwa kipande: hii ni huduma, hii ni namba, hapa ndio mwisho. Terminali ni vivyo hivyo. Unaandika jina la amri, unaweka opsheni, unaweka jina la faili. Programu inayapokea kama maneno yaliyopangwa foleni, na kazi yake ya kwanza kabla ya kufanya lolote ni kuamua: hili ni opsheni, hili ni thamani ya opsheni, hili ni faili. Ikikosea hapo, kila kitu kinachofuata kimekosewa hata kama hesabu zake ni safi.

Sasa mtego uko hapa. Laptopu ya Ubuntu, Mac, na simu yako ya Android zote zinachota kwenye kisima cha Unix. Ndani yake utakuta amri zenye majina yaleyale: `ls`, `sed`, `date`, `tail`. Kwa hivyo unadhani `sed` ni `sed` popote ulipo. Kumbe ukoo ni mmoja lakini kila nyumba ina lafudhi yake.

Hadithi ya ukoo wenyewe ni fupi. Unix ilianza mwaka 1969 katika maabara za Bell Labs, Marekani, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Msimbo ukafika vyuo vikuu, na wale wa Berkeley, California, wakaanza kutoa toleo lao, BSD, kuanzia 1978. Kampuni mama, AT&T, nayo ikatoa System V mwaka 1983. Hapo nyumba zikawa mbili. Mpaka leo alama ya mgawanyiko iko mbele yako: wa upande mmoja wakitaka kuona programu zinazoendelea wanaandika `ps -ef`, wa upande mwingine `ps aux`, bila kistari kabisa. Mwaka huohuo wa 1983 Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, akaanza kuandika upya zana zote na kuziongezea vitu, zikiwemo opsheni ndefu za vistari viwili kama `--help`. Mwaka 1991 Linus Torvalds akaleta Linux, ikavaa nguo za GNU. Apple walipojenga mfumo mpya wa Mac, zana nyingi za terminali walizichukua upande wa BSD. Android nayo inatumia kiini cha Linux, lakini maktaba yake ya msingi ya C imeokota vipande vingi kutoka BSD. Ni familia ya mitala, hiyo. Majina yanafanana, mama ni tofauti.

Nipe mfano wa jikoni. Mwambie mama mboga wa Embu akuuzie kunde, atakufungia majani. Agiza kunde Zanzibar, kuna uwezekano mkubwa uletewe punje zilizopikwa kwa nazi. Neno ni lilelile, sahani ni nyingine. Kisha chukua githeri yetu. Ukivuka Namanga na kuingia Tanzania, inaitwa makande. Hapo sahani ni ileile, neno ndilo limebadilika. Opsheni za Unix zina magonjwa haya mawili. `-i` ya `sed` ni kunde: herufi ileile, maana mbili. Tarehe ya jana ni githeri: kwenye Linux unaandika `date -d yesterday`, kwenye Mac `date -v-1d`, na mnakula chakula kimoja.

Na kama kawaida, watu walichoka wakaunda kamati. Sisi tunalijua hilo kuliko wengi. Mwaka 1928, mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kuisimamia lugha hiyo katika nchi zetu. Kimvita hakikufa, Kiamu hakikufa, na sisi wa bara tuliendelea kukitumia Kiswahili tunavyokiweza. Lakini ukitaka kuandika kitu kisomeke Lamu, Kigoma na Kianjokoma, unajua pa kuelekea. Unix nayo ilipata sanifu yake: POSIX, iliyotoka mara ya kwanza 1988, na sehemu ya amri na zana ikafuata 1992. Hata AT&T walikuwa wameshatoa bure msimbo wao wa `getopt`, ile kazi ya C inayochambua opsheni, mwaka 1985, ili watu waache kubuni kila mmoja njia yake. Sanifu ipo, basi. Shida ni kwamba wengi wetu tumejifunza lafudhi ya mashine ya kwanza tuliyoshika tukadhani ndiyo lugha yenyewe.

Sasa niwaambie kilichotokea huku kwetu.

Kianjokoma ni kilima cha chai, ubavuni mwa Mlima Kenya. Asubuhi unaona watu na vikapu mgongoni, mchana foleni ya kupima kwenye kituo cha kununulia majani. Kila mkulima anapewa risiti ya kilo zake. Kuna kikundi cha majirani zetu ambao wameamua kujiwekea kumbukumbu zao wenyewe, ili mwezi ukiisha walinganishe jumla yao na jumla ya risiti. Hawamshuku mtu. Wanataka tu kujua, na nadhani huo ni utu uzima.

Mweka hazina wao ni cucu mmoja mwenye daftari la mraba na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Binamu yangu, anayesoma chuo, aliwaandikia skripti nzuri. Kilo zinaandikwa kwenye faili mbili, `chai.csv` ya mizani na `wakulima.csv` ya majina. Skripti inasafisha faili kwanza, inageuza nukta-mkato kuwa mkato, halafu inaita kiprogramu kidogo cha C alichokiita `jumla`, ambacho ukikipa `-m 5` kinakujumlishia mwezi wa tano. Usipokipa mwezi, kinajumlisha kila kitu kilichomo. Kwenye laptopu yake ya Ubuntu kilikimbia kama pikipiki mpya.

Kisha akaenda mafunzo ya kazi na laptopu yake. Kikundi kikabaki na mashine mbili: Mac ya zamani kiasi ya mjukuu wa Cucu, na simu yangu yenye Termux, ile programu inayokupa terminali ndani ya Android. Ilikuwa Juni, na mkutano wa wakulima ulikuwa Jumamosi. Tukaanza na Mac.

Mstari wa kwanza wa kusafisha ulikuwa huu: `sed -i 's/;/,/g' chai.csv`. Mac ikatoa lawama za ajabu, eti amri `c` inahitaji mkwaju na maandishi. Amri `c` gani? Hakuna aliyeandika amri `c`. Tena mstari uliofuata, uleule lakini wa `wakulima.csv`, ukatoa lawama tofauti kabisa, na kwenye folda kukazaliwa faili mpya, tupu, yenye jina `akulima.csv`. Mjukuu akaiona hiyo faili tupu akashika kichwa. "Cucu, majina yamepotea."

Hayakuwa yamepotea. Soma polepole uone uzuri wa hii kitu. Kwenye `sed` ya GNU, `-i` inamaanisha "badilisha faili papo hapo", na mkia wa nakala ya akiba ni hiari, ukiutaka unaugandisha kwenye herufi yenyewe. Kwenye `sed` ya Mac, `-i` *lazima* ipewe mkia. Usipoupa, inachukua neno linalofuata kwenye foleni. Neno lililofuata lilikuwa `'s/;/,/g'`, ambalo ndilo lilikuwa agizo lenyewe. Mac ikalimeza kama mkia. Sasa haina agizo, kwa hivyo ikachukua neno linalofuata tena, jina la faili, ikalisoma *hilo* kama agizo. `chai.csv` inaanza na `c`, na `c` kwa `sed` ni amri ya kubadilisha mstari. `wakulima.csv` inaanza na `w`, na `w` ni amri ya kuandika kwenye faili. Andika kwenye faili gani? `akulima.csv`. Ikaitengeneza kwa utiifu wote. Kama faili ingeitwa `majani.csv`, ingesema haijui amri `m`. Yaani lawama inabadilika kulingana na herufi ya kwanza ya jina la faili yako. Ukiwa hujui hili, utatafuta kosa mpaka kuku walale.

Tukahamia kwenye simu. Kwenye Termux, `sed` ni ya GNU, kwa hivyo usafi ulipita bila kelele. Tukakompaili `jumla`, tukaiendesha, na simu ikanyamaza. Haikutoa jibu wala kosa. Ikaanza tu kupata moto kama imewekwa kwenye jiko. Ilikuwa imeingia kwenye mzunguko usioisha.

Sababu ilikuwa mstari mmoja wa C: `char c; while ((c = getopt(argc, argv, "m:")) != -1)`. Ukiangalia hivi hivi huoni kitu. `getopt` inakupa opsheni moja moja, na zikiisha inarudisha `-1` kukuambia kazi imekwisha. Lakini `-1` hiyo inarudi ikiwa `int`, na huyu ameihifadhi ndani ya `char`, kisanduku cha baiti moja. Kwenye prosesa za Intel, `char` kwa kawaida inakubali namba hasi, kwa hivyo `-1` inabaki `-1`. Kwenye Linux na Android za ARM, ambayo ndiyo prosesa ya simu nyingi mno na ya Raspberry Pi, `char` haina hasi. Ukiweka `-1` inageuka 255. Je, 255 ni sawa na `-1`? Hapana. Basi endelea. Na tena. Na tena, mpaka betri iishe. Jambo la kuchekesha ni kwamba Mac mpya zenye chipu za Apple nazo ni ARM, ila Apple waliamua `char` yao iwe na hasi, kwa hivyo mdudu huyu anajificha hata huko. Yuko kwenye simu ya mfukoni tu, anakungoja.

Tukabadilisha `char` kuwa `int`. Herufi nne kwa tatu. Simu ikapoa.

Lakini kitu kibaya zaidi kilikuwa bado, na hiki ndicho kilichonifanya niandike haya yote. Tulirudi kwenye Mac, tukapita ile `sed` kwa njia nyingine, tukaendesha `jumla` kama binamu alivyotuandikia kwenye ujumbe: `./jumla chai.csv -m 5`. Mac haikulalamika. Haikupata moto. Ikatoa namba, safi, imesimama peke yake kwenye skrini. Kila mtu akashangilia. Jumla ya kilo za Mei ya kikundi ilikuwa kubwa mno kuliko jumla ya risiti za Mei.

Mnaelewa maana yake kijijini? Maana yake ni kwamba kuna mtu anayepima majani na kuandika pungufu. Karani ana jina, ana watoto shuleni, anakunywa chai hoteli moja na hao wakulima. Mmoja alishasimama na kusema, "Nilijua." Jumamosi ingekuwa moto.

Cucu ndiye aliyetuliza. Alivaa miwani, akafungua daftari lake, akaangalia skrini, akaangalia daftari. Akasema, "Mwanangu, Mei ilinyesha siku chache tu. Mimi nilikuwa shambani. Majani haya yametoka wapi?"

Tukaanza kuchimba. Kwenye Ubuntu, `getopt` ya GNU ina adabu ya ziada: ukiandika faili kwanza na opsheni baadaye, inazunguka nyuma ya pazia na kupanga foleni upya, opsheni mbele, faili nyuma. Mac haifanyi hivyo. `getopt` ya BSD inafuata sanifu: ikikutana na neno la kwanza lisiloanza na kistari, inasimama hapo hapo na kusema opsheni zimeisha. Neno la kwanza lilikuwa `chai.csv`. Kwa hivyo `-m 5` haikusomwa kamwe. Kiprogramu kikachukua faili, kikaona hakijapewa mwezi, kikajumlisha Januari hadi Mei na kutuletea kama Mei. Kosa lenye kelele ni rafiki. Hili lilikuwa kimya, likavaa sura ya jibu.

Marekebisho yalikuwa mawili. Tuliandika `./jumla -m 5 chai.csv`, opsheni kwanza. Na ndani ya programu tukaongeza ukaguzi: baada ya opsheni kuisha, kama kilichobaki kwenye foleni si faili moja tu, kataa, toa ujumbe, usijumlishe chochote. Mac na simu zikatoa namba moja. Ikalingana na daftari la Cucu, na ikakaribiana na risiti kiasi kwamba hakuna aliyekuwa na la kusema. Mkutano wa Jumamosi ulijadili mbolea.

Nilipompigia binamu, unajua alisema nini kwanza? Ile sentensi. "Lakini kwangu inafanya kazi." Na alikuwa anasema kweli! Ndio maana naichukia. Ni sentensi ya kweli isiyomsaidia mtu. Mashine mbili, makosa matatu, kila moja ikianguka mahali pake, na ile ya tatu ikapita kwa bahati tu, kwa sababu kila lafudhi iliyotumika ilikuwa yake.

Najua kuna wale mtasema, si mweke tu zana za GNU kwenye Mac? Inawezekana. Ukiwa na Homebrew, unapata `gsed` na ndugu zake, na kwenye mashine yako mwenyewe hilo ni sawa kabisa. Wengine mtasema, nunueni laptopu ya maana muweke Ubuntu. Hapo ndipo tunapokosana. Huyo cucu hatanunua laptopu ili skripti yako ifurahi, na mjukuu hana bando la kupakua zana zote za dunia ili kusafisha faili mbili. Anayehamisha programu kwenda kwa watu ndiye anayebeba mzigo wa kuifikisha. Mwaka 2004 wale wa mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Hawakusema watu wote wajifunze Kiingereza kwanza. Walichukua programu wakaileta watu walipo. Kuandika skripti inayoheshimu mashine ya mwenzako ni kazi ya aina hiyohiyo, ndogo tu.

Na kazi yenyewe si ngumu. Haya ndiyo ninayoyafanya sasa, na unaweza kuyaanza leo.

Opsheni kwanza, faili baadaye. Daima. Hata kama mashine yako inakusamehe.

Weka `--` kabla ya majina ya faili usiyoyajua. Vistari hivyo viwili pekee yake vinamaanisha opsheni zimeisha, kila kinachofuata ni jina. Siku utakayopata faili inayoitwa `-rf.txt` utanikumbuka.

Usitegemee `sed -i` kwenye skripti utakayompa mtu. Andika `sed 's/;/,/g' chai.csv > mpya.csv && mv mpya.csv chai.csv`. Ni ndefu, lakini inaeleweka popote. Kama lazima utumie `-i`, gandisha mkia: `-i.bak`. GNU na Mac zote zinaielewa hivyo, na unabaki na nakala ya akiba. Usiandike `-i -e` ukidhani umepona, kwa sababu Mac itakuachia faili inayoitwa `chai.csv-e` na utajiuliza ilitoka wapi.

Tumia `printf` badala ya `echo -n`. Kuna mahali `echo` itakuchapishia hiyo `-n` kama sehemu ya ujumbe. Tumia `tail -n +2` badala ya ile ya kizamani ya `tail +2`.

Kwenye skripti za sheli, tumia `getopts`, yenye `s` mwishoni. Hiyo imo ndani ya sheli yenyewe na iko kwenye POSIX. Ile `getopt` bila `s` ni programu ya pembeni, na ya Mac haijui opsheni ndefu wala haiwezi majina yenye nafasi. `getopts` nayo haijui opsheni ndefu, kwa hivyo ridhika na herufi moja moja. Hakuna aliyekufa kwa kuandika `-m` badala ya `--mwezi`.

Kwenye C, jibu la `getopt` linakaa ndani ya `int`. Usibishane, andika `int`.

Na hili ndilo ninalolipenda zaidi, kwa sababu halihitaji pesa. Kama una Linux na huna Mac, unaweza kuiomba Linux yako ijifanye haina adabu ya ziada. Andika `POSIXLY_CORRECT=1 ./jumla chai.csv -m 5`. Neno hilo la mwanzo linaiambia `getopt` ya GNU iache kupanga foleni upya na ifuate sanifu. Ukiona jibu limebadilika, umepata mdudu ambaye angemkuta mtu mwingine. Sekunde tano. Binamu angelijua neno hilo, kikundi kisingefika karibu na kumshtaki mtu.

Ukishindwa kukumbuka yote hayo, kumbuka moja: fanya programu ikatae isichokielewa. Neno la ziada kwenye foleni? Kataa. Opsheni usiyoijua? Kataa, na useme kwa sauti. Watu wanaogopa programu inayolalamika, lakini ile ya kuogopa ni inayokubali kila kitu na kukupa namba nzuri. Namba ikishatoka kwenye skrini watu wanaiamini kuliko wanavyowaamini majirani zao, na si kila kikundi kina mtu mwenye daftari.

Kwa wale wadogo zangu mnaojifunza kwenye simu na kuambiwa hiyo si kompyuta: ndani yake kuna ukoo wa Unix, kuna terminali mkitaka, na kuna prosesa itakayowaonyesha makosa ambayo laptopu ya Intel ingewaficha miaka. Ukijaribu msimbo wako kwenye simu, kisha kwenye mashine ya rafiki, kisha na `POSIXLY_CORRECT`, tayari umefanya majaribio ambayo watu wengi wenye laptopu moja ya bei hawajawahi kuyafanya. Hiyo ni nafasi yenu, itumieni.

Na siku mtu atakapokuambia skripti yako imekataa kwake, jaribu kuuliza maswali mawili kabla ya kujitetea. Uko kwenye mfumo gani? Umeandika nini hasa, herufi kwa herufi? Ukiyauliza hayo kwa heshima, nusu ya kazi imeisha. Nusu iliyobaki ni kutafuta kistari.